Tumebunga bongo daftari limejaa, tunalipangaje liwe mpango wa kontenti?

AsaliYaMiombo

Wakuu salaam, naombeni uzoefu wenu hapa.

Mimi na dada yangu tunauza asali. Yeye yuko Sikonge, Tabora, ndiye anakusanya kwa wafugaji nyuki wa vijijini, mimi niko Dar napokea ndoo, nachuja, najaza chupa na kuuza. Wateja karibu wote tunawapata WhatsApp na Instagram, TikTok akaunti ipo ila haijachangamka. Juzi tukakaa na binamu zetu kubunga bongo, tuposti nini kuanzia sasa Aprili hadi mavuno yapite, na kikao kikanoga kweli, kila mtu alikuwa na la kusema, daftari likajaa mbele na nyuma.

Ishu ni kwamba nimekaa na hilo daftari na sijui nianzie wapi. Humo ndani kuna kila kitu: video ya kuvuna usiku na moshi, asali na tangawizi kwa kikohozi, tofauti ya asali ya nyuki wadogo wasiouma na nyuki wakubwa, kwanini bei yetu iko juu kuliko ya barabarani, mzee mfugaji akielezea mzinga wa gome, jinsi ya kujua asali feki kwa kiberiti, uji wa mtoto wenye asali, asali inatibu vidonda vya tumbo, shindano la kutag marafiki, asali ikiganda ufanyeje, futari, maonyesho ya Sabasaba, mishumaa ya nta, ushuhuda wa wateja, bei ya jumla, yaani mchanganyiko. Binamu mmoja anasema tufungue Excel, wazo moja siku moja, tuanze la kwanza mpaka yaishe. Dada anasema tuanze na yale rahisi kurekodi. Naona zote mbili hazijakaa sawa ila nashindwa kusema kwanini.

Wenye kazi hizi, mnatokaje kwenye daftari la namna hii mpaka mkapata mpango ambao watu wawili wenye simu na bando la kawaida wanaweza kuufuata?

Fundi_Kapsheni

Kaka hilo daftari ni mali, ila bado sio mpango. Binamu wa Excel mwambie asubiri kidogo, tarehe ndo kitu cha mwisho kuwekwa.

Kubunga bongo kwa utaratibu kulienezwa na Alex Osborn, mtu wa matangazo wa Marekani, miaka ya 1940 na 1950, na alichokisisitiza ni kwamba wakati wa kutoa mawazo hakuna kuhukumu, toeni mengi iwezekanavyo, kuhukumu kuna muda wake baadaye. Watu wengi wanashika ile nusu ya kwanza tu, wanatoa mengi alafu wanayabeba yote kama yalivyo mpaka kwenye kalenda. Nyie mmefika nusu ya pili sasa, na inataka utulivu kuliko kile kikao.

Mimi huwa nafanya hivi. Kata karatasi ndogo ndogo, kila wazo karatasi yake, andika sentensi kamili sio neno moja, maana ukiandika "tangawizi" wiki ijayo hukumbuki mlimaanisha nini. Tandaza mkekani. Sasa usianze na vichwa, yaani usiseme huku elimu huku burudani huku promo, hapana, chukua karatasi moja uangalie ipi nyingine inaongelea jambo lile lile, ziweke pamoja, nenda hivyo hadi mwisho, ile isiyo na mwenzake iache peke yake, jina la fungu mnalipa mwishoni kabisa. Njia hii ni ya Mjapani Jiro Kawakita, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Nepal, alikuwa na maelezo kibao ya uwandani yasiyo na mpangilio ndo akaja na hizi karatasi, mpaka leo wanaiita KJ kwa herufi za jina lake. Uzuri wake ni kwamba mafungu yanatoka kwenye mawazo yenyewe, ukianza na vichwa utapata vile vile ulivyovizoea na kila kitu kitalazimishwa kiingie humo.

Hatua inayofuata ndo kazi yenyewe ilipo. Fungua WhatsApp yako ya biashara, rudi nyuma miezi mitatu minne, nakili kila swali mteja aliloliuliza kabla hajanunua au kabla hajapotea, kwa maneno yake mwenyewe usiyanyooshe. Utakuta ni machache yanajirudia. Kwa biashara ya asali la kwanza najua litakuwa "ni ya kweli hiyo?", litafuata "mbona ya kwako bei", "mbona imeganda", "unatuma mkoani?", "ya nyuki wadogo unayo?". Sasa kila fungu la mkekani lipeleke chini ya swali linalolijibu. Karatasi isiyojibu swali la mteja yeyote iweke kwenye bahasha ya akiba. Shindano la kutag marafiki linajibu swali gani la mnunuzi wa asali? Halijibu, litakuletea wapenda zawadi, liende akiba.

Ukishapeleka hivyo utaona mawazo yenyewe yanabadilika. Mzee na mzinga wa gome mliiona kama video ya kupendeza tu, sasa iweke chini ya "ni ya kweli hiyo?" uone. Mzee asiishie kuelezea mila, aonekane sega linatoka mzingani linaingia ndoo, ndoo inafungwa, jina la kijiji na tarehe vinaandikwa juu, alafu kipande cha pili ni wewe Dar unafungua ndoo ile ile yenye maandishi yale yale. Hakuna kapsheni inayoweza kufanya kazi ya video hiyo. Dada anaposema tuanze na rahisi kurekodi nasema hapana, anzeni na swali linalowapotezea wateja wengi zaidi, hata kama jibu lake ni gumu kurekodi.

Na msiogope kwamba mkifundisha sana hamtauza. Kampuni ya John Deere ya Marekani ilianza kuwatolea wakulima jarida mwaka 1895, linafundisha kilimo, na mkulima akijua kilimo alijua pia plau nzuri inapatikana wapi.

Mkamba_Kitui

Sasa watu wa TZ. Mimi niko Kitui, huku pia asali ndio kwetu, nimesoma hapo juu na nakubali lakini kuna kitu nataka kuongeza.

Hiyo ya kuganda msiichukue kama posti ya kujaza nafasi. Mteja akifungua kabati apate asali imekuwa ngumu anasema ni sukari, anaambia jirani, anaambia watu wa chama, na wewe hujui hata kama umeongelewa. Ukweli ni kwamba asali karibu zote huganda, ni glukosi, aina ya sukari, inajitenga na maji inakuwa chenga, na inaganda haraka zaidi kwa baridi ya kama nyuzi 10 hadi 18. Kwa hivyo chupa ile ile imekaa maji maji kwako Dar ama kwa mtu wa Mombasa inaeza ganda ikifika Limuru, ama huko kwenu Mbeya na Njombe. Na baridi inakuja lini? Juni, Julai, Agosti. Hapo ndio simu zinaanza. Sasa mbona ungoje Julai ukianza kujitetea kwa komenti? Itoe Mei, mtu asome kabla hajaona, alafu hiyo video unaihifadhi, yeyote akiuliza unamtumia dakika hiyo hiyo. Muonyeshe vile atafanya: chupa ndani ya maji ya vuguvugu, isizidi kama nyuzi 40, apeane muda, asichemshe, asiweke kwa jiko moja kwa moja kwa sababu moto mwingi unaharibu asali.

Ingine ni hii, mpango wenu usiwe wa mtandao peke yake. Andika hayo maneno ya kuganda kwa karatasi kidogo uweke kwa kila mzigo unatoka kwenda mahali pa baridi. Hiyo pia ni kontenti na haikuli bando.

Bint_Temeke

Nimeipenda hii mada, kazi yangu ni kupanga kalenda za maduka madogo hapa mjini kwahiyo ngoja niingie kwenye tarehe maana Fundi kaziacha.

Kalenda ya bidhaa ya msimu haianzi na siku za kuposti inaanza na mzigo. Kaka chora karatasi moja ya miezi, weka kwanza asali mpya inafika Dar lini na kiasi gani, na lini huwa unaishiwa, kwasababu hakuna kitu kinachoumiza kama kuwasha moto watu wakaja inbox alafu unawaambia subirini wiki tatu. Ukishaweka mzigo ndo uweke siku za watu. Tarehe 20 Mei ni Siku ya Nyuki Duniani, Umoja wa Mataifa uliipitisha Desemba 2017 na ikaanza kuadhimishwa 2018, kwenu nyie imekaa pazuri maana ni mlangoni mwa mavuno. Sabasaba inaanza mwishoni mwa Juni inaenda hadi katikati ya Julai pale viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa, baada ya hapo maonyesho ya Nanenane mwezi wa nane. Hilo wazo la futari toa kabisa kwenye mpango huu, lihifadhi la mwakani, na msije mkakopi tarehe za mwaka uliopita kwasababu Ramadhani inarudi nyuma siku kama 10 au 11 kila mwaka, 2027 inatarajiwa mapema Februari kwahiyo kontenti yake inatakiwa iwe tayari Januari, wakati ule ambao watu wengi wanaongelea ada za shule tu.

Sasa kwenye jedwali. Excel ya binamu irudi hapa, safu zake ziwe: swali la mteja, wazo, nani anarekodi, nani anaandika kapsheni, inatoka lini, inaenda wapi, na mteja tunataka afanye nini akimaliza kuangalia. Hiyo safu ya mwisho ndo watu wanaisahau. Sio kila posti mtu anunue, nyingine unataka aisevu, nyingine amtumie mama yake, nyingine aulize bei, lakini lazima ujue ipi ni ipi kabla hujarekodi maana inabadilisha mwisho wa video. Na usijaze kila mstari, acha nafasi kama robo hivi wazi, mteja atauliza kitu kipya wiki hiyo hiyo na unatakiwa uwe na pa kukijibia.

Idadi sasa. Watu wawili msijiwekee posti kila siku. Mbili kubwa kwa wiki zinatosha kabisa, ila stetasi ya WhatsApp kila siku kwasababu inafutika baada ya saa 24 na haihitaji kitu kizito, ni ndoo imefika, ni oda zinafungwa, ni mteja kachukua.

Alafu kuhusu dada yako, yeye ndo mwenye kitu ambacho muuza asali wa mjini hana, kwahiyo safari yake moja ya mavuno itumieni vizuri. Asiende kurekodi "video ya mavuno", aende na orodha ya vipande vifupi: mikono ikivaa glavu, moshi ukiwashwa, mzinga ukiwa juu ya mti, sega likikatwa, uso wa mzee akionja, ndoo ikiandikwa, barabara ya kurudi. Kila kipande sekunde chache. Hapo unapata vitu vya wiki nyingi, sega likikatwa linaingia kwenye jibu la bei, ndoo inaingia kwenye jibu la ukweli, mkiweka sauti tofauti juu yake. Na kwa vile mnavuna usiku simu nyingi hazitaona kitu, arekodi maandalizi jioni kabla jua halijazama, na kwenye mzinga wenyewe atumie tochi yenye mwanga mwekundu, nyuki hawauoni mwekundu kwahiyo haiwachokozi kama tochi nyeupe. Asisogee kwa ajili ya video tafadhali, nyuki wetu wakali na hakuna posti inayostahili hilo.

Mwisho kabisa huyo mzee aombwe ruhusa, aelezwe video inaenda wapi, na apewe chochote, uso wake unauza asali yenu.

Mzee_wa_Viwango

Hamjambo vijana. Nimefanya kazi ya ukaguzi wa vyakula miaka mingi na sasa nimestaafu, nimeona mnasaidiana vizuri ila hakuna aliyegusa karatasi tatu zilizomo kwenye daftari la huyu kijana, na hizo mimi nataka zishughulikiwe kabla ya kalenda.

Ya kwanza ni uji wa mtoto. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapewi asali, hata kidogo, hata iwe safi namna gani, kwa sababu asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo tumbo la mtu mzima linazimudu lakini utumbo wa kichanga haujakomaa kuzizuia. Mtoto analegea, anashindwa kunyonya, anaweza kushindwa kupumua. Kupasha moto jikoni hakuziui hizo mbegu. Huku kwetu watu wanawalambisha watoto asali tangu siku wanazaliwa, kwa hiyo hilo wazo msilitupe, ligeuzeni. Iwe posti ya kuonya, mama asimlishe mtoto wa miezi sita uji wenye asali, na maneno hayo muyaweke kwenye lebo ya chupa pia. Muuza asali anayemwambia mama usimpe mtoto bado, huyo mama atamwamini maisha.

Ya pili ni "asali inatibu vidonda vya tumbo". Msiandike. Mkisema bidhaa inatibu ugonjwa mmeiondoa kwenye chakula mmeipeleka kwenye dawa, na dawa ina sheria zake na mamlaka yake ambayo ni TMDA, chakula kiko TBS, shirika la viwango, tangu mabadiliko ya 2019. Zaidi ya sheria kuna mtu halisi mwenye vidonda ataacha dawa alizoandikiwa hospitali kwa ajili ya posti yenu. Na mwenye kisukari akiwauliza mwambieni ukweli kwamba asali ni sukari, inapandisha sukari mwilini, akaongee na daktari wake. Tangawizi na asali kwa koo linalowasha semeni inalainisha koo, ishieni hapo.

Ya tatu ni kiberiti. Kuchovya njiti kwenye asali, kutonesha kwenye maji, kuweka kwenye karatasi, kuangalia kama sisimizi wanakuja, vyote hivyo havithibitishi chochote. Asali ya kweli yenye maji mengi inaweza kushindwa vipimo hivyo na sharubati nzito ikafaulu. Mkirekodi video hiyo mmewafundisha wateja wenu uongo, na kesho wataipima ya kwenu kwa njia hiyo hiyo. Hasa ya nyuki wadogo, ile kwa asili ina maji zaidi na ina uchachu, itafeli kila jaribio la mtandaoni na ni asali halali kabisa. Mnataka kuonyesha ubora, nunueni kipimo cha unyevu cha mkononi, rifraktomita, si ghali sana, tone moja tu mnaangalia kwenye mwanga, viwango vya kimataifa vinataka asali ya nyuki wakubwa isizidi unyevu wa asilimia 20. Rekodini hicho, ndoo kwa ndoo. Hilo ndilo jibu la "ni ya kweli hiyo?" pamoja na ile ndoo iliyoandikwa jina la kijiji, ingawa nalo semeni kwa uangalifu, kipimo cha unyevu kinaonyesha asali imekomaa na haitachacha, hakionyeshi kama kuna sukari iliyoongezwa, hiyo ni kazi ya maabara. Kama hamjaanza safari ya alama ya TBS pitieni ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ya mkoa wenu muwaulize utaratibu wa wajasiriamali wadogo.

Kwa hiyo kwenye lile jedwali la huyo binti ongezeni safu moja zaidi: nani amehakiki. Wazo lolote linalogusa afya, mtoto au ubora lisipewe tarehe mpaka safu hiyo ijazwe.

AsaliYaMiombo

Shikamoo mzee, nashukuru sana. Hiyo ya mtoto nimempigia dada saa hii hii maana huko wanalambisha kweli. Nimeiweka iwe ya kwanza kabisa kutoka, kabla hata ya mavuno.

Karatasi tumekata jana, mafungu yametoka matano na mawili yamejibu swali moja tukaunganisha. Maswali ya WhatsApp nimenakili, na Fundi uko sahihi, "ni ya kweli hiyo" imeongoza kwa mbali, ila ambalo sikulitegemea ni "nikinunua lita tano inakaa muda gani", linaulizwa sana na daftari zima halina wazo hata moja la kulijibu. Nimeliandikia karatasi mpya.

Swali langu sasa, nitajuaje mpango unafanya kazi? Laiki napata lakini laiki sio oda.

Fundi_Kapsheni

Hilo la lita tano ndo sababu nilikwambia ufungue WhatsApp, kikao cha bongo kinatoa mnachokijua nyie, mteja anauliza kilichomo kichwani kwake. Jibu lake nalo ni zuri, asali iliyokomaa ikifungwa vizuri pakavu inakaa muda mrefu sana bila kuharibika, kijiko kilicholowa ndo adui.

Kupima, usihangaike na vitu vikubwa. WhatsApp Business ina lebo, tengeneza lebo kwa kila swali kwenye mpango wako. Mteja mpya akija muulize kwa ustaarabu "karibu, umetuona wapi?" akisema ile video ya ndoo mpe lebo hiyo, akinunua ongeza lebo ya kanunua. Mwisho wa mwezi unahesabu, swali gani limeleta watu na swali gani limeleta wanunuzi, ni vitu viwili tofauti hivyo. Pia angalia maswali yanapungua au la. Kama video ya kuganda imetoka Mei na Julai simu za "mbona imeganda" zimepungua, hiyo posti imefanya kazi hata kama laiki zake unaweza kuzihesabu kwa vidole.

Bint_Temeke

Naungana na Fundi ila kwenye Instagram usiangalie laiki, angalia waliosevu na waliotuma kwa wenzao, kwa bidhaa ya chakula hizo ndo zinaonyesha mtu ana nia. Na TikTok napendekeza muiache kwanza mpaka Sabasaba ipite, najua wengine hawatanipenda kwa hili, lakini watu wawili hamuwezi kujibu komenti sehemu tatu na kujaza chupa na kuposti, na mteja wa TikTok akikosa jibu siku hiyo kashaenda. Video zihifadhini, mtazipandisha huko Agosti mkiwa mmepumua.

AsaliYaMiombo

Nimekaa na dada kwenye simu jana usiku tumemaliza mpaka katikati ya Julai, naweka hapa mnikosoe.

Wiki mbili za kwanza za Mei ni mtoto chini ya mwaka mmoja na asali kuganda, zote narekodi mimi hapa Dar maana hazihitaji mavuno, kapsheni ya mtoto Mzee naomba nikutumie uipitie. Wiki ya tarehe 20 Mei ni wafugaji wetu, dada anarekodi, anaongea na mzee kwa Kinyamwezi na maandishi ya Kiswahili chini, mzee amekubali na amefurahi mno. Kuanzia mwisho wa Mei hadi mzigo ufike ni safari ya ndoo, vipande alivyosema Bint, huku tunachukua oda za awali kwa waliowahi kununua tu. Wiki tatu za kwanza za Juni ni "ni ya kweli hiyo" na "mbona bei", kipimo cha unyevu, kuchuja, na hesabu ya bei wazi, nauli ya kutoka Sikonge, chupa, lebo, ya mfugaji kiasi gani. Wiki ya mwisho ya Juni ni lita tano na bei ya jumla kwasababu ya Sabasaba. Katikati ya Sabasaba tumeacha wazi. Nyuki wadogo tumeisogeza Agosti kwasababu mzigo wake ni mdogo, tukiitangaza sasa itatuzidi. Mishumaa ya nta, shindano na futari viko kwenye bahasha.

Bint_Temeke

Imekaa vizuri sana kaka. Marekebisho mawili tu. Oda za awali msizitangaze kwenye stetasi kama mnataka ziende kwa wateja wa zamani peke yao, tumieni orodha ya kutuma ujumbe ya WhatsApp (broadcast list), ila kumbuka ujumbe wa orodha unamfikia aliyesevu namba yako tu, kwahiyo kuanzia leo kila mzigo unaotoka weka kikaratasi cha "tusevu kwa jina hili". Pili Sabasaba nani anajibu inbox? Wewe utakuwa bandani unaonjesha watu, dada yuko Sikonge na mtandao unakuja unapotea. Binamu wa Excel mpe hiyo zamu, akae na majibu yaliyoandikwa tayari ya yale maswali makuu na bei zote, na umfundishe wiki moja kabla sio asubuhi ya siku ya kwanza.

Mzee_wa_Viwango

Marahaba kijana. Kapsheni nitume leo, nitaipitia jioni. Na kwenye ile hesabu ya bei mkionyesha fungu la mfugaji, muulizeni mfugaji kwanza kama anaridhia kiasi hicho kisomwe na watu.

AsaliYaMiombo

Nimetuma Mzee. Zamu ya inbox binamu amekubali, anakuja Jumamosi tuandike majibu pamoja. Dada anaenda kwa wafugaji keshokutwa kuwauliza hilo la bei, wakikataa hiyo sehemu ya hesabu tunaitoa inabaki chupa, nauli na lebo.